Je, mumbo jumbo limetokana na "mambo" na "jambo"?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, nafanya kazi Arusha. Juzi tukiwa njiani kwenda Ngorongoro, mzee mmoja Mwingereza alisema kwa uhakika kabisa kwamba neno lao mumbo jumbo, ambalo nalijua kuwa ni maneno yasiyo na kichwa wala miguu, limetoka kwenye Kiswahili chetu: mambo na jambo. Wenzake wakanigeukia nithibitishe. Nikasema ndiyo, mambo yakaishia hapo. Usiku nikaanza kujiuliza. Ni kweli? Na kama ni kweli, si ina maana lugha yetu inatumika kama mfano wa upuuzi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Si kweli. Neno hilo Waingereza walilichukua Afrika Magharibi, kwa Wamandinka wa mto Gambia, na lilichapishwa London mwaka 1738. Ukitaka kuwajibu wageni wako kwa sentensi moja, hiyo inatosha. Lakini umeuliza na kuhusu upuuzi, na hapo ndipo penye kisa chenyewe, maana kitu kilichoitwa kwa jina hilo kule Gambia hakikuwa upuuzi hata kidogo. Kilikuwa mahakama na fimbo.

Tuanze na kwetu. Dai la mambo na jambo nimelisikia mara nyingi, na kusema kweli nimelisikia kwa Waswahili zaidi kuliko kwa Wazungu. Linavutia kwa sababu sauti zinafanana. Ila jaribu kulitamka kama unavyozungumza nyumbani. Jambo ni umoja, mambo ni wingi wake. Nani anasema "mambo jambo"? Hata mtoto anayejifunza kuongea hasemi "meno jino". Sisi tukitaka kurudia neno tunarudia lilelile: polepole, ovyoovyo, hivihivi. Na hata maana haiji. Jambo kwetu ni kitu chenye uzito. "Nina jambo nataka kukuambia" ni sentensi inayomfanya mtu azime redio asikilize. Salamu ya hujambo yenyewe ni kumuuliza mtu kama hana jambo, yaani hana shida iliyompata. Hapa hamna porojo.

Mtu anaweza kunibishia: wageni hawajali umoja na wingi, labda baharia fulani alisikia maneno mawili gatini Unguja akayaunganisha. Sawa. Basi tuangalie tarehe, kwa sababu tarehe hazina upendeleo. Mwaka 1738 Waingereza walikuwa hawana makazi yoyote pwani yetu. Meli ya James Lancaster ilitia nanga Zanzibar mwishoni mwa 1591, ikaondoka zake kuelekea Mashariki. Mombasa ilikuwa ya Wareno mpaka Ngome ya Yesu ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Balozi wa kwanza wa Uingereza kukaa Unguja, Atkins Hamerton, alifika 1841. Mmisionari Krapf, ambaye naye ni Mjerumani, alifika Mombasa 1844 na kutoa muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Kitabu cha Askofu Steere cha kufundisha Kiswahili cha Unguja ni cha 1870. Hesabu mwenyewe: neno lilikuwa limeshachapishwa London zaidi ya miaka mia moja kabla Waingereza hawajakaa kitako kujifunza lugha yetu. Huko Gambia, kwa upande mwingine, walikuwa na ngome kisiwani katikati ya mto tangu 1661.

Linganisha na maneno ambayo kweli yametoka kwetu. Safari liliingia Kiingereza katikati ya karne ya 19, wakati hasa ambapo kina Richard Burton walikuwa wakitembea na misafara kutoka pwani kwenda maziwani, na liliingia na maana yake ileile. Ule mchezo wa kupanga vijiti vya mbao, Jenga, uliingizwa sokoni London mwaka 1983 na Leslie Scott, mwanamke aliyekulia Afrika na aliyekuwa akijua Kiswahili. Mahali panajulikana, mtu anajulikana, maana haijapinda. Neno likikopwa kweli huacha nyayo.

Sasa twende Gambia.

Francis Moore alikuwa karani wa Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyonunua watumwa, dhahabu, pembe za ndovu na nta. Alikaa mtoni Gambia kuanzia 1730 hadi 1735, akarudi kwao, akachapisha kitabu cha safari zake mwaka 1738. Ndani yake anasimulia kwamba usiku mmoja wa mwezi wa Mei alitembelewa na kitu alichokiandika Mumbo Jumbo. Kilikuwa joho refu la magamba ya miti lenye kishungi cha majani makavu juu yake. Mtu akilivaa anafikia futi nane au tisa, yaani kama mita mbili na nusu. Lilitoka usiku tu, na lilitoa sauti ya kutisha ambayo, kwa maelezo ya Moore, ni wachache waliojua kuitoa. Mchana joho hilo lilitundikwa kwenye mti mkubwa uliosimikwa karibu na mji, na miji mingi yenye jina ilikuwa nalo.

Kazi yake? Mume na mke wakigombana na ugomvi ukashindikana, Mumbo Jumbo aliitwa kuamua. Moore anaongeza kwa kejeli kidogo kwamba hukumu yake siku zote iliwaangukia wanaume vizuri. Aliyekuwa ndani ya joho aliweza kuamuru wanawake wote watoke, wakae, waimbe, wacheze. Asiyetoka alifuatwa na kuchapwa. Wanaume walioingizwa kwenye siri hiyo walikula kiapo kwamba hawatamwambia mwanamke yeyote, na kijana aliye chini ya miaka 16 hakukubaliwa.

Ipo sentensi moja ya Moore ambayo kila nikiisoma nasimama. Anasema wanaume wamebuni kitu hiki ili kuwatisha wake zao, ambao ni wajinga kiasi cha kudhani ni mtu wa mwituni, kisha kwenye mabano anajisahihisha: au angalau wanalazimika kujifanya hawajui. Karani wa kampuni ya watumwa, mgeni, asiye na mafunzo yoyote ya kuchunguza jamii za watu, amegusa kitu hapo. Mke ambaye ameishi na mumewe miaka ishirini, anayemjua kwa kikohozi chake na kwa anavyoburuta mguu, eti haimpitikii kwamba mzuka uliokuja jana usiku ni shemeji yake? Alijua. Ila kujua ni kitu kimoja, na kusema unajua ni kingine, na cha pili ndicho kilichokuwa na adhabu.

Adhabu yenyewe Moore ameiandika. Yapata mwaka 1727, anasema, mfalme wa Jagra, mojawapo ya nchi ndogo za kandokando ya mto, alikuwa na mke mdadisi. Alimbana mpaka mfalme akamtobolea siri. Mke naye akawaambia mashoga zake. Habari zikawafikia watu wasiompenda mfalme. Wakachukua joho, wakamwingiza mtu ndani, wakaenda mpaka mjini kwake wakamwita nje na kumsomea shtaka. Hakukana. Wakaagiza mkewe aletwe, wakawaua wote wawili papo hapo. Mfalme! Basi kama kuna mtu anataka kukuambia kwamba Mumbo Jumbo ni mchezo wa watoto au maneno matupu, mpe kisa hicho.

Miaka zaidi ya sitini baada ya Moore alikuja daktari kijana wa Kiskoti, Mungo Park, aliyetumwa na chama cha London kutafuta mkondo wa mto Niger. Alikaa miezi kadhaa Pisania, kituo cha biashara mtoni Gambia, akijifunza Kimandinka, kisha akaanza safari Desemba 1795. Siku chache tu baada ya kuondoka, kwenye mlango wa mji uitwao Kolor, aliona vazi la magamba ya miti limetundikwa mtini. Akauliza ni la nani. Akaambiwa ni la Mumbo Jumbo.

Kitabu cha Park kilitoka 1799 na kikauzwa sana, kuliko cha Moore kwa mbali, na ndicho kilichowajulisha Waingereza wengi jina hili. Anaeleza kwamba lilitumika katika nyumba za wake wengi, pale ugomvi wa wake wenza ulipomshinda mume. Jioni kelele zilianza kusikika porini. Giza likiingia, Mumbo Jumbo aliingia mjini moja kwa moja mpaka bentang, yaani jukwaa la baraza ambapo watu hukutana, na watu wote walijikusanya hapo, wanawake hawakuthubutu kukosa. Nyimbo na ngoma mpaka usiku wa manane. Halafu akamnyooshea kidole mmoja. Huyo alikamatwa, akavuliwa nguo, akafungwa kwenye nguzo na kuchapwa mbele ya kadamnasi, huku wanawake wenzake ndio wakimzomea kwa sauti kubwa kuliko wote. Kulipokucha mambo yakaisha.

Park mwenyewe alichukizwa, na mimi pia nachukizwa. Sitaki ulichukue jibu langu kama utetezi wa mila ya kuwachapa wanawake kwa sababu tu Wazungu waliidhihaki. Ninachosema ni kwamba hakuna mahali popote, kwa Moore wala kwa Park, ambapo Mumbo Jumbo ana maana ya upuuzi. Kila aliyekuwepo uwanjani pale alielewa vizuri sana nini kinatokea, nani ana nguvu, na kwa nini mwanamke yule amechaguliwa.

Na jambo hili halipaswi kumshangaza mtu wa kwetu. Ukienda Mtwara, au ukavuka mpaka kuingia upande wa Msumbiji, Wamakonde wana ngoma ya mapiko. Mchezaji huvaa kinyago kinachofunika kichwa chote, mwili umefungwa nguo, na zamani wanawake na watoto wasiotahiriwa walitakiwa waamini kwamba ni mzuka wa marehemu umetoka, si binadamu. Kinyago kilichongwa na kutunzwa mahali pa siri. Wachewa wa Malawi nao wana ngoma yao ya vinyago, Gule Wamkulu. Sisemi kwamba hawa na Wamandinka wana asili moja. Nasema utaratibu wa wanaume kujificha nyuma ya kinyago ili wahukumu na kuonya bila mtu fulani kubeba lawama ni kitu ambacho jamii nyingi zimekijua. Hukumu ikitolewa na kinyago, kesho yake unaweza kusalimiana na jirani.

Kule Gambia na Senegal vinyago vya aina hiyo havijafa. Kipo kinachoitwa Kankurang, nacho ni cha Wamandinka: mtu amefunikwa mwili mzima kwa nyuzi nyekundu za magamba ya mti na majani, ameshika mapanga mawili, anatoa ukelele mkali na kucheza kwa mishtuko. Kazi yake hasa ni kuwalinda vijana wanaotoka jandoni na kuwaweka watu kwenye mstari. UNESCO iliutangaza utamaduni huo mwaka 2005, ikauingiza rasmi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Moja ya vitu vinavyoutishia ni kwamba misitu mitakatifu ambako magamba yale hupatikana inaisha kwa kulimwa.

Jina lenyewe sasa. Katika Kimandinka mchezaji wa kinyago aliyekuwa akihukumu ugomvi wa nyumbani anatajwa kama Maamajomboo. Hilo ndilo linalodhaniwa na wengi kuwa asili ya neno la Kiingereza, na mimi naliafiki: mahali ni palepale, kitu ni kilekile, sauti zinakaribiana. Kuna ufafanuzi mwingine ambao utaukuta umenukuliwa kila mahali, uliotolewa na kamusi moja kubwa ya Marekani: kwamba jina linaweza kukatwa vipande vitatu vyenye maana ya bibi, taabu na kuondoka, na kwa hiyo Mumbo Jumbo ni mganga anayeziondoa roho za wahenga zenye kusumbua. Inapendeza, lakini inanitia wasiwasi. Kwanza, Moore na Park hawamtaji mhenga hata mmoja. Pili, huku kukata neno vipande na kuvipa kila kimoja maana ndiko kulekule kulikotuletea mambo na jambo. Neno lolote ukilikata kwa kisu kikali utapata vipande vyenye maana katika lugha fulani.

Hapa niwaonye pia ndugu zangu wa Kenya, maana najua kuna atakayeinua mkono. Ni kweli Nyanza kulikuwa na dini ya Mumbo. Ilianza 1913, Onyango Dunde wa Alego aliposimulia kwamba joka kubwa lilitoka ziwani, likammeza na kumtapika, likampa ujumbe kwamba Wazungu wataondoka. Ilisambaa mpaka kwa Wagusii, ikawasumbua sana maofisa wa kikoloni. Lakini ni miaka 175 baada ya kitabu cha Moore. Majina yamegongana tu.

Basi imekuwaje jina la kinyago likawa jina la maneno yasiyoeleweka? Kwa hatua, na kila hatua inaeleweka. Moore mwenyewe, katika sentensi ileile ya kwanza, alikuwa ameshaliita joho lile sanamu ya kuabudiwa, ingawa maelezo yake yote yanayofuata yanaonyesha hakuna aliyekuwa akiliabudu. Wasomaji wa Uingereza wakalishika neno hilo la sanamu wakasahau maelezo. Karne ya 19 ikaingia, na Mumbo Jumbo akawa kwao mungu wa Waafrika kwa ujumla: mungu yeyote, Mwafrika yeyote. Kutoka hapo ni rahisi kuteleza. Likawa kitu chochote kinachoheshimiwa bila kufikiri, kisha ibada au taratibu zisizo na maana, kisha maneno yanayotamkwa katika taratibu hizo, na mwishowe maneno yoyote yanayomzunguka msikilizaji bila kumwingia.

Kufikia 1914 mwendo ulikuwa umekamilika. Mwaka huo mshairi wa Marekani, Vachel Lindsay, alichapisha shairi refu kuhusu Congo, na ndani yake Mumbo-Jumbo anatajwa kuwa mungu wa Congo. Ona safari ya neno: hakimu wa ugomvi wa ndoa kwenye mto Gambia amehamishiwa kwenye mto mwingine kabisa, maelfu ya kilomita kusini, akapewa uungu. Miaka mingi baadaye, 1972, mwandishi Mmarekani mweusi Ishmael Reed alilitwaa jina hilohilo kwa makusudi akalipa riwaya yake, na akaweka mwanzoni ule ufafanuzi wa kamusi kuhusu roho za wahenga. Yeye aliupenda kuliko mimi, na kwa kazi ya riwaya alikuwa na haki.

Sauti nayo ilisaidia. Kiingereza kinapenda maneno pacha yenye vina yanapotajwa mambo ya vurugu au ya kipuuzi: hocus pocus, hurly burly, helter skelter. Maamajomboo ni neno moja, halina pacha. Moore alilisikia kwa sikio la Kiingereza akalipasua mara mbili na kulilinganisha vina. Tena Kiingereza kina mumble, kumumunya maneno mdomoni. Likishaingia kwenye kundi hilo, neno lilikuwa na hatima yake. Karibu lugha zote hufanya hivi kwa sauti za watu wengine. Wagiriki wa kale waliwaita wageni barbaros kwa kuwa usemi wao ulisikika kama bar-bar. Waingereza wana neno jingine la upuuzi, bosh, ambalo walilipata kwenye Kituruki katika miaka ya 1830 kupitia riwaya ya James Morier. Huko boş ni "tupu" tu. Na sisi tusijitie usafi: watu wa mwambao walipowaita watu wa bara washenzi, hawakuwa wamekaa kusikiliza wanachosema.

Najua mgeni wako akishindwa kwenye mumbo jumbo atahamia kwa tembo, kwa hiyo nikupe na hilo. Jumbo alikuwa tembo dume aliyekamatwa akiwa mdogo kaskazini-mashariki ya Afrika, upande wa mpaka wa Sudan, akapelekwa Paris, kisha bustani ya wanyama ya London mwaka 1865. Mwaka 1882 aliuzwa kwa Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, kwa dola 10,000, huku Waingereza wakilalamika sana, na mwaka 1885 aligongwa na treni huko Ontario, Kanada, akafa. Ni kwa sababu yake kitu kikubwa sana huitwa jumbo, ndege za abiria zikiwemo. Watu husema jina lilitoka kwenye jambo, au jumbe yaani mtawala. Hakuna ushahidi kwamba watu waliomlea Paris na London walijua Kiswahili, na kuna jambo linaloharibu zaidi hadithi hiyo: kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapishwa London mwaka 1823 ina neno jumbo, maana yake mtu mnene asiye na wepesi. Tembo alikuwa hajazaliwa. Uwezekano mkubwa ni kwamba hilo jumbo la mitaani ni nusu ya pili ya Mumbo Jumbo, yule mrefu wa mita mbili na nusu.

Umeuliza kama tunatukanwa. Inategemea linaelekezwa wapi. Mwingereza akikuambia mkataba wake wa bima umejaa mumbo jumbo, anawalalamikia wanasheria, na wala hajui kama Gambia inahusika. Usimkasirikie. Akilitumia kwa dua za wazee, kwa dawa za mganga wa mitishamba, au kwa lugha ambayo hajui hata neno moja, hapo analitumia hasa kwa njia ile ya karne ya 19, na unayo haki ya kumuuliza kwa upole anamaanisha nini. Wewe una bahati ya kuwa na kisa cha mfalme wa Jagra mfukoni. Safari ya Ngorongoro ni ndefu na wageni wanapenda visa vya kweli. Mwambie mzee yule, kama bado mnawasiliana, kwamba umefuatilia na ukakuta ni la Wamandinka. Hataona vibaya. Mtu aliyeanzisha mazungumzo ya asili ya maneno garini ana hamu ya kujua.

Mwisho, kwa kuwa kazi yako ni kufasiri, usilitafute neno moja la Kiswahili la kulibeba lote. Likiwa ni la ibada au uganga wa kuzuga watu, mazingaombwe au kiini macho vinatosha. Likiwa ni hotuba ya mwanasiasa, porojo, au blaablaa kama wanavyosema vijana. Likiwa ni lugha ya daktari, ya wakili au ya fundi kompyuta ambayo yeye anaielewa na wewe huielewi, usiite porojo, kwa sababu pengine kila neno alilotamka lina maana kamili. Sema tu kwamba hujaelewa, umwombe akueleze kwa lugha ya kawaida.